Machale ya mwalimu: yapi ya kuamini, yapi ya kuandika kwanza

"Tumeelewana?"

"Ndiyoooo!"

Kila aliyewahi kushika chaki anaijua ndiyo hiyo. Kwa miaka mingi nimekaa dawati la nyuma katika shule za mkoa wa Kigoma, nikiwakagua walimu tarajali wa hisabati wakati wa BTP, yaani mazoezi yao ya kufundisha shuleni, na nimejifunza kuisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini. Ndiyo inayokuja haraka mno, kwa sauti moja, ikavutwa mwishoni, mara nyingi ni ya wasioelewa. Walioelewa hawaitikii pamoja. Mmoja tayari ameinamia daftari, mwingine anabishana na jirani yake, wa tatu anauliza jambo ambalo hata hujalifundisha. Mwalimu tarajali akisikia ndiyo anafuta ubao. Mwalimu mzoefu anasita, kisha anasema, "Hebu turudi mstari wa tatu." Ukimuuliza baadaye kilichomsimamisha, atakuambia machale yalimcheza.

Machale hayo wapo wanaoyaita kipawa, na wapo wanaoyahusisha na mambo ya gizani. Mimi nayaita kumbukumbu iliyokomaa. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye kete kwa sekunde chache tu, kisha wakawataka waupange upya. Kete zilipokuwa zimekaa kama katika mchezo wa kweli, bingwa alimwacha mwanagenzi mbali. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ulipotea karibu wote. Macho yake hayakuwa makali kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni mipangilio mingi aliyokwisha kukutana nayo, hata akauona ubao mzima kama wewe unavyousoma uso wa ndugu yako. Wazee wanaocheza bao Ujiji hawatashangaa.

Sasa, kumbukumbu inaweza kukomaa vibaya. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, aliwahi kuniambia jioni moja, ziwa limetulia kabisa mbele yetu: "Mwalimu, leo hatuingii." Karabai zilikuwa tayari, vijana wamekaa kwenye mtumbwi wakisubiri. Nilipombana aeleze, alitafuta maneno kwa muda. Upepo wa mchana umekata mapema mno, akasema, na maji hayajakaa sawa. Usiku ule ziwa lilichafuka. Lakini mzee huyohuyo aliniambia kwa uhakika uleule kwamba bei ya dagaa ingepanda baada ya miezi mitatu, akaweka magunia, na bei ikashuka.

Ni mtu mmoja, na moyo wake ulikuwa na uhakika uleule mara zote mbili. Ziwa lakini humjibu kila alfajiri: ulikisia sawa, ulikosea. Amejibiwa hivyo usiku baada ya usiku tangu ujana wake. Soko linachelewa kumjibu, na likijibu hajui kama sababu ni mvua, barabara, wanunuzi wa Kongo au kitu kingine kabisa. Wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman, aliyeyatilia machale shaka maisha yake yote, na Gary Klein, aliyeyaheshimu baada ya kuwachunguza makamanda wa zimamoto, walikaa pamoja miaka kadhaa na mwaka 2009 wakachapisha walichokubaliana. Machale hustahili kuaminiwa pale ambapo mambo yana utaratibu unaojirudia, na mtu amepata nafasi ya kutosha ya kuujifunza kwa mrejesho ulio wazi. Wakaongeza kwamba uhakika anaousikia mtu moyoni hauthibitishi kitu.

Darasani mwalimu ana ziwa lake na soko lake. Akihisi kwamba hawa hawajaelewa sehemu, anawapa swali moja, na ndani ya dakika tano amejibiwa. Akifanya hivyo kila kipindi, miaka kumi, machale yake yatakuwa na thamani kubwa. Akihisi kwamba mtoto huyu hatafika mbali, nani atamjibu?

Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, binti aliyetoka kijiji cha ndani huko Kasulu. Hakuwahi kunyoosha mkono. Nikimuuliza, anatazama chini. Kufikia wiki ya pili nilishaamua moyoni kwamba hesabu si zake, na sikumtangazia mtu. Niliacha tu kumwita ubaoni. Niliyemwita akikwama nilimsubiri, yeye sikumsubiri. Jaribio lilipokuja akapata alama za chini, nami nikajiambia, si nilijua? Mwenzangu, Muha wa hukohuko, ndiye aliyemsikia bombani akimweleza rafiki yake kwa Kiha swali la milinganyo nililofundisha asubuhi, hatua kwa hatua, bila kosa. Kiingereza cha kidato kilimfunga mdomo, na Kiswahili chenyewe kwake kilikuwa cha darasani. Hesabu alikuwa nazo.

Machale yangu hayakukosea tu. Yalitengeneza ushahidi wake yenyewe, na jambo hilo bado linaniuma. Watafiti Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walilieleza mwaka 1968: waliwaambia walimu kwamba watoto fulani wangechanua, hali waliwachagua kwa bahati nasibu, na katika madarasa ya chini watoto hao wakapanda kuliko wenzao. Ukubwa wa athari hiyo umebishaniwa sana tangu hapo. Mimi nimeiona kwa sura ya binti yule, na kwa upande wa kushuka.

Wanafunzi nao wana machale yao, na tunakosea tunapoyazima. Waulize: shamba la mita 20 kwa 20 limechukua kilo 4 za mbegu za maharage, la mita 40 kwa 40 litachukua kilo ngapi? "Nane!" Usiseme wamekosea. Acha kila mmoja aandike kisio lake, kisha wachore shamba kubwa na walijaze madogo. Yanaingia manne, kwa hiyo ni kilo 16. Aliyeandika 8 kwa mkono wake hasahau, kwa sababu hisi yake imejibiwa, kama mvuvi alfajiri. Aliyepewa kanuni kabla ya kukisia hana cha kurekebisha, na wiki ijayo atakuambia 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa kuwa 35 inaizidi 4.

Kwa walimu tarajali nina agizo moja ambalo halimo katika andalio la somo. Wiki ya pili waandike mahali pa siri wanachohisi juu ya wanafunzi watano, pamoja na sababu, wafunge, na wafungue BTP inapoisha. Katikati hapo, wale watano waitwe ubaoni sawa na wengine na wasubiriwe sawa na wengine. Wengi hufungua karatasi zile kimya.

Mimi pia ninaandika. Muhula huu nimerudi kufundisha mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza, na katika ukurasa wa kwanza kuna kijana anayekaa dirishani. Nimeandika: "Ataacha kabla ya Juni." Jana nilimwita ubaoni kwa mara ya sita. Alisimama na chaki mkononi, hakuandika kitu, nami nikasubiri mpaka kengele ikalia.