Zamu ya Usafi, Kura ya Kiranja na Kitabu cha Adhabu

Mitaala yetu imeyapa maadili nafasi yake. Tanzania Bara, shule za msingi zilifundisha Uraia na Maadili kwa miaka kadhaa, na mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kenya, mtaala wa umilisi unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Mwanafunzi anaweza kuyakariri yote manane, akapata alama zote kwenye mtihani, kisha wakati wa mapumziko akawasukuma wadogo zake nje ya foleni ya bomba. Kipindi kimempa maneno, ila tabia ameichota kwenye mambo yanayofanyika shuleni kila siku.

Tuanze na kiranja wa darasa. Mara nyingi huchaguliwa na mwalimu, kwa sababu ana umbo kubwa au ameongoza mtihani, kisha hukabidhiwa karatasi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Aliyesoma shule zetu anaijua karatasi hiyo. Rafiki hufutwa kwa nusu andazi, na asiyependwa huongezewa alama ya "mara tatu" pembeni ya jina lake hata kama hakufungua mdomo. Mtoto wa miaka kumi amekwisha kujifunza kwamba madaraka yana bei, na shule inaweza kuwa na klabu ya wapinga rushwa hapo hapo! Karatasi hiyo iondolewe kabisa. Kazi ya kiranja iwe kugawa madaftari, kusimamia zamu, kupeleka hoja za wenzake kwa mwalimu na kumwita mwalimu panapotokea ugomvi.

Apatikane kwa kura. Tangazo litoke wiki mbili kabla, likiwa na sifa chache: mahudhurio mazuri na kutokuwa na kosa kubwa muhula huo. Walimu wenye shaka na mgombea waiseme wakati wa usaili, kabla jina halijabandikwa. Kila mgombea apewe dakika tatu aeleze mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wake. Anayeahidi kujenga bweni aulizwe fedha atazitoa wapi, maana swali hilo ni somo la uraia kuliko ukurasa mzima wa kitabu. Kura ziwe za siri: vikaratasi vya ukubwa mmoja, katoni iliyotobolewa juu na kufungwa kwa gundi, na kona ya kuandikia isiyochunguliwa. Darasa la kwanza na la pili watumie alama kama jembe, taa au samaki. Zihesabiwe mbele ya wote, kila mgombea akiwa na wakala wake, na matokeo yaandikwe ubaoni papo hapo. Kinachoharibu zoezi ni matokeo kubadilika ofisini. Darasa litanyamaza, lakini mwaka unaofuata watapiga kura kwa mzaha. Kiranja wa darasa ahudumu muhula mmoja ili wengi waonje uongozi. Kaka mkuu na dada mkuu wanaweza kukaa mwaka.

Zamu za usafi nazo hufundisha kuliko tunavyodhani. Darasa la wanafunzi 45 ligawanywe makundi matano ya watoto tisa, kila kundi na siku yake. Wawili wafagie, watatu wadeki, mmoja afute ubao, wawili wajaze ndoo ya kunawia, mmoja apeleke taka shimoni. Kazi zizunguke kila wiki, la sivyo wasichana watadeki mwaka mzima huku wavulana wakibeba ndoo tu. Na usafi wa vyoo usiwe adhabu. Mtoto anayepelekwa chooni kwa sababu amechelewa hujifunza kwamba anayesafisha vyoo ni mtu aliyekosa, na ataondoka na dharau hiyo hadi mtaani. Vyoo visipewe watoto wadogo, na wakubwa wasiingie bila glavu, sabuni na brashi yenye mpini mrefu.

Pale shule inapokuwa na shamba au bustani, kuna jambo linalosahaulika. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 haikutaka wanafunzi walime tu. Ilitaka pia washiriki kuamua mapato yatumike vipi. Basi hesabu zibandikwe ukutani: magunia yaliyovunwa, bei, gharama za mbegu, kilichobaki, kilichonunuliwa. Wanafunzi wanaolima bila kuona hesabu huliita shamba "la mwalimu mkuu", na hawakosei sana.

Sasa fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inaviruhusu, lakini kwa mipaka: kwa kanuni za 2002, mchapaji ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kiranja hayumo, kwa hiyo kiranja mwenye fimbo ni uvunjaji wa kanuni unaofanyika mbele ya watoto tunaowafundisha kutii sheria. Kamati ya shule ingefanya vyema kukiulizia kitabu hicho kwenye vikao vyake.

Mtoto anapomzomea mwenzake kwa kabila, ulemavu au ualbino, fimbo humaliza kelele na kuacha chuki. Mwalimu wa malezi amsikilize kwanza aliyeumizwa, peke yake, amuulize nini kitamfanya ajisikie salama kesho. Kisha amsikilize mkosaji, naye peke yake, aeleze alichosema na kilichomsukuma. Wakutanishwe tu endapo aliyeumizwa amekubali, na makubaliano yawe ya kitendo kinachoonekana. Baada ya wiki moja mwalimu awaulize tena, kila mmoja kwa wakati wake. Kupeana mikono kwa lazima mstarini, shule nzima ikitazama, kunamwaibisha aliyeonewa mara ya pili, na mara nyingi uonevu unahamia njia ya kurudi nyumbani, ambako mwalimu wa zamu hayupo.