Melaku Worede, mtaalamu wa mbegu ambaye hakuiamini friza peke yake

Watu wakija kwetu benki ya mbegu swali la kwanza huwa hilohilo, kwa nini mnaweka mtama kwenye friza wakati sokoni umejaa? Mimi huwa nawajibu kwa habari za Melaku Worede wa Ethiopia.

Alizaliwa 1936, akachukua PhD Marekani, chuo kikuu cha Nebraska, akarudi kwao na 1979 akawa mkurugenzi wa kituo cha kutunza mbegu Addis Ababa. Sasa Ethiopia kwa mazao si ya mchezo, tefu (nafaka yenye punje ndogo sana) ni yao, kahawa ya arabika ni yao, na shayiri yao ndiyo ilikutwa na jeni ya kuhimili virusi vinavyodumaza shayiri na kuifanya njano, wakulima wa California wakafaidika nayo sana tu (walioitunza vizazi na vizazi majina yao huyaoni popote, haya tuyaache).

Ikaja njaa ya 1984. Mwenye njaa atakula mpaka mbegu, utamlaumu? Halafu mbegu ya msaada ikiingia, ile ya kienyeji ndio basi tena. Melaku na wenzake wakawa wanaziwahi mbegu za wakulima kabla hazijaisha na kuweka akiba ya kuwarudishia watu wapande.

Ila ninachomkubali zaidi ni hiki. Sisi tunakausha mbegu unyevu ubaki kama asilimia 3 mpaka 7, tunafunga kwenye foili, tunaweka nyuzi 18 chini ya sifuri, inakaa miaka na miaka lakini huko nje ukame unabadilika, wadudu wanabadilika, yenyewe iko vilevile. Yeye akataka mbegu ibaki pia shambani, mkulima achague mwenyewe na mtaalamu amsaidie, maana akina mama wanajua suke lipi la kula na lipi la kupanda kuliko sisi wenye vyeti. 1989 akapewa tuzo ya Right Livelihood.

Na friza yenyewe inataka kuchungwa, kila baada ya miaka kadhaa tunatandaza mbegu kwenye karatasi yenye maji tunahesabu zilizoota, zikishuka chini ya asilimia 85 tunapanda upya tupate mbegu mpya.

Kwa hiyo kama bibi yako bado ana kunde au mtama wa zamani, ukaushe kivulini, usiufunge kwenye nailoni ukiwa na unyevu, andika jina mnaloliita na kijiji ulikotoka, kisha peleka benki ya mbegu, Kenya ipo Muguga na Tanzania ipo Arusha. Nyingine bakizeni mpande.