Je, wajua kwa nini samaki wa Ziwa Tanganyika hukaa juu juu tu?

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 pale penye shimo lake refu kuliko yote. Kwa kina ni la kwanza Afrika na la pili duniani, likitanguliwa na Baikal la Urusi. Uso wake uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, maana yake sakafu yake imezama karibu mita 700 chini ya usawa huo, katikati ya bara, mbali na bahari yoyote. Mtu akisikia hivyo huwaza papo hapo kwamba huko chini lazima kuna mijisamaki ambayo hakuna mvuvi aliyewahi kuitia machoni.

Haipo. Chini kabisa hakuna samaki hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Upande wa kaskazini, Bujumbura na Kigoma, samaki wanaishia kwenye mita 100 hivi. Upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, wanafika mita 200 na ushei. Chini ya hapo kuna maji matupu, mita mia kadhaa na kwingine zaidi ya elfu, ambamo kinachoweza kuishi ni bakteria tu.

Wengi wakishakubali hilo hukimbilia sababu tatu: baridi, giza na uzito wa maji. Zote tatu zinaonekana za maana, na zote tatu si zenyewe.

Tuanze na baridi. Maji ya sakafuni Tanganyika yana nyuzijoto 23 na nusu hivi, usiku na mchana, mwaka mzima. Uso wa ziwa huwa kati ya 24 na 28 au 29. Tofauti ya juu na chini, katika kina cha zaidi ya kilomita moja, ni nyuzi chache tu. Kuhusu giza na uzito wa maji, jibu liko Baikal. Ziwa hilo lina mita 1,642, lina giza lile lile na uzito mkubwa zaidi, tena maji yake ni ya baridi kali, lakini samaki wanaishi humo hadi vilindini. Yuko mmoja anaitwa golomyanka, mwili wake umejaa mafuta na karibu unapitisha mwanga, naye hupanda na kushuka mamia ya mita kana kwamba kina si kitu. Kama giza na uzito wa maji ndivyo vingekuwa kikwazo, golomyanka asingekuwepo.

Kinachokosekana Tanganyika ni oksijeni. Oksijeni huingia ziwani kwa juu, kutoka hewani na kutoka kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho inayoelea penye mwanga. Ili ifike chini, maji ya juu yenyewe lazima yashuke. Baikal yanashuka, kwa sababu kipupwe na kiangazi cha huko hupoza na kupasha uso wa ziwa kiasi kwamba maji hupinduka na kuchanganyika. Tanganyika iko karibu na ikweta. Uso wake haupoi vya kutosha kuzama, kwa hiyo maji ya joto yanabaki juu, mepesi, na ya chini yanabaki chini, mazito.

Hapa msomaji makini atauliza: nyuzi tatu au nne zinawezaje kutenga maji ya ziwa zima? Zinaweza, kwa sababu maji hayabadiliki uzito kwa kiwango kimoja katika kila joto. Kadiri yanavyozidi kuwa ya moto, ndivyo kila nyuzi moja inavyoyapunguzia uzito zaidi. Kutoka nyuzi 24 hadi 27, ambazo ni tatu tu, maji hupoteza uzito karibu sawa na yanaoupoteza kutoka nyuzi 4 hadi 14. Tofauti ambayo mtu akitia mkono hata haisikii vizuri inatosha kuweka dari ndani ya ziwa.

Chini ya dari hiyo mambo yanaenda upande mmoja. Kila kinachokufa juu kinadidimia, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni ambayo hakuna wa kuirudisha. Imekuwa hivyo kwa muda mrefu sana, maana ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Huko chini imebaki hewa ya salfa yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki. Lakini imebaki pia hazina: naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea yote iliyoshuka na mizoga, imelala gizani ambako hakuna mmea wa kuitumia.

Basi samaki wa juu wanakula nini? Chukua karai pana, weka maji, kisha mimina mafuta ya kupikia yatande juu kote. Mafuta ndiyo maji ya juu ya ziwa, na maji ya karai ndiyo yale ya chini yenye mbolea. Sasa puliza kutoka upande mmoja bila kuacha. Mafuta yatasogea na kurundikana ukingo wa pili, na upande wako yatakuwa membamba mpaka maji ya chini yachungulie. Acha kupuliza: mafuta yanarudi, lakini hayatulii mara moja. Yanapitiliza, yanarudi tena, yanakwenda hivyo mara kadhaa. Mfano huu una upungufu mmoja. Mafuta hayachanganyiki na maji, ilhali matabaka ya ziwa huchanganyika kidogo kidogo pale yanapokutana, na hicho kidogo ndicho kinacholisha ziwa lote.

Anayepuliza ni kusi. Kati ya Mei na Septemba upepo huo unavuma kufuata urefu wa ziwa, ambao ni kilomita 670 hivi, na kusukuma maji ya joto kuelekea kaskazini. Kusini maji ya chini yanapanda na mbolea yake. Kusi likikatika, matabaka yanaanza kuyumba, ncha hadi ncha, na mzunguko mmoja huchukua wiki tatu hadi nne. Juu ya ziwa huoni chochote. Wimbi hilo liko ndani. Mimea midogo inachanua, wadudu wadogo wa majini wanaila, dagaa wanawala wadudu, migebuka na sangala wanawafuata dagaa.

Ndiyo maana uvuvi wa Tanganyika ni wa usiku na wa juu juu. Mchana dagaa huenda chini kidogo kujificha, giza likiingia wanapanda kufuata chakula. Wavuvi wa Katonga na Kibirizi, Kigoma, hutoka jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawashwa, wadudu wanakusanyika, dagaa wanakuja kwa wingi na kuzunguka chini ya mwanga, halafu wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu tena, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika. Asubuhi dagaa wanaanikwa, na mnunuzi anayejua hutafuna mmoja kwanza: wa kwenye chanja hana mchanga.

Maelezo hayo hayo yanaeleza kwa nini maji ya Tanganyika ni maangavu, kiasi kwamba mahali pengi mtu anaona mita 10 na hata 20 chini. Wageni hupenda kusema ziwa hili ni safi kwa sababu lina uhai tele. Kwa kweli maji ya juu ni maangavu kwa sababu mbolea yake imefungiwa chini, na mimea ya kuyachafua ni michache. Kwa anayependa kuogelea na miwani ya maji ni neema kubwa. Mawe ya ufukweni, kama yale ya Gombe na Mahale, yana samaki wadogo wa rangi za kila namna, wa jamii ambayo samaki aitwaye kuhe ndiye jitu lake, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Uliza wenyeji kwanza kuhusu mamba, viboko na kichocho, na ujue kwamba sakafu ya ziwa inaweza kushuka ghafla hatua chache tu kutoka nchi kavu.

Kina, basi, hakileti samaki wengi. Ziwa Viktoria lina mita 80 tu pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na linatoa samaki mara kadhaa zaidi ya Tanganyika.

Tatizo la sasa ni hiyo dari. Uso wa ziwa ukizidi kupata joto, dari inazidi kuwa ngumu na kusi linashindwa kuipasua. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba ukuaji wa mimea midogo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, kiasi kinachoweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016 mtafiti mwingine, Andrew Cohen, na wenzake, wakisoma tope la sakafuni, walionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashamiri. Wapo watafiti wanaosema nyavu za macho madogo na wingi wa wavuvi vimefanya madhara zaidi. Nionavyo, hoja hizi hazifutani: ziwa linalopata mbolea kidogo linastahimili nyavu chache zaidi kuliko zamani.

Serikali haziwezi kuamuru upepo, ila zinaweza kuamuru nyavu. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu inayoangukia katikati ya kusi, wakati maji ya chini yanapopanda.