Quaint, odd, archaic: jinsi Kiingereza kinavyogawa ajabu na uzamani

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutafsiri vitabu vya Kiingereza kwa Kiswahili na kuhariri tafsiri za wenzangu, na hakuna kundi la maneno linalonirudisha kwenye kamusi mara nyingi kama visawe vya ajabu na uzamani. Hivi karibuni nilikuwa nahariri riwaya ambayo mhusika wake anafika mbele ya nyumba iliyoelezwa kwa maneno "a quaint little cottage". Mtafsiri alikuwa ameandika "kijumba cha ajabu". Sarufi haikuwa na kasoro, na kamusi iliyokuwa mezani pangu ilimuunga mkono, kwa kuwa mbele ya kidahizo "quaint" ilitaja "-a ajabu" kisha "-a kizamani". Lakini msomaji anayekutana na kijumba cha ajabu hungoja mlango ufunguke wenyewe au sauti isikike darini, ilhali mwandishi alikusudia atabasamu.

Kamusi ya lugha mbili hutuambia neno linaelekea kitu gani, ila aghalabu hainyoshi kidole kwa msemaji na kutuonyesha amesimama wapi anapolitamka. Katika kundi hili, mahali aliposimama msemaji ndipo penye maana yenyewe. Anayesema "quaint" amesimama mbali kidogo, yuko salama, anakitazama kitu kwa upendo wa mtu asiyekihitaji. Ndiyo maana wageni huviita vijiji "quaint", na wenyeji wa vijiji hivyo hawaviiti hivyo.

Historia ya neno hili inanivutia kuliko ya mengine yote. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, "cointe", ambalo nalo lilitokana na neno la Kilatini "cognitus", yaani kilichojulikana. Katika Kiingereza cha zama za kati lilimaanisha mtu mwerevu au mjanja, au kitu kilichotengenezwa kwa ustadi. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado inalieleza kwa unadhifu uliopitiliza, werevu na madoido, bila kugusa uzamani. Njia lililopitia si ngumu kuifuata: kilichotengenezwa kwa ustadi mwingi huonekana kimerembwa, kilichorembwa mno huonekana kigeni machoni, na mtindo wa marembo hayo unapopita, kitu huonekana cha zamani na bado kinapendeza. Liweke kando ya "uncouth", ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha tu kisichojulikana, na leo humwelezea mtu asiye na adabu. Neno lililoanza na ujuzi limeishia kwenye ugeni wa kupendeza, na lililoanza na kutojulikana limeishia kwenye ufidhuli. Sijaona mfano bora zaidi wa kumwonya mwanafunzi kwamba asili ya neno ni elimu njema, lakini haitoshi kumpa maana ya leo.

Upendo huo wa kutazama kwa mbali una upande wa pili, na ni upande mkali. Mwenye kuambiwa kwamba wazo lake ni "quaint" hajasifiwa. Ameambiwa kwa upole kwamba wazo hilo halistahili hata kupingwa. Waraka wa tarehe 25 Januari 2002 kwa Rais George W. Bush, uliobeba jina la Alberto Gonzales, wakati huo mwanasheria wa Ikulu ya Marekani, ulitumia maneno mawili ya kundi letu katika sentensi moja. Ulisema kwamba vita dhidi ya ugaidi vilikuwa vimeifanya mipaka iliyowekwa na Mikataba ya Geneva kuhusu kuwahoji wafungwa kuwa "obsolete", na baadhi ya vifungu vyake, kama vile vya kuwapa mateka mavazi ya michezo na vifaa vya kisayansi, kuwa "quaint". Neno la kwanza linadai kwamba kanuni imekwisha kazi. La pili linaialika hadhira icheke kidogo. Mtafsiri atakayeandika "yamepitwa na wakati" mara zote mbili atakuwa ameficha kejeli iliyowakera wasomaji wengi waraka huo ulipofahamika, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko la kijumba, kwa sababu hapa neno linagusa watu walio kifungoni.

Tukihamia kwenye ajabu isiyo na uzamani, ninapenda kuanza na mlango. Mtu akikuambia "there is a strange man at the door", huenda anasema tu kwamba hamfahamu aliyebisha hodi. Akisema "an odd man", amekwisha kumtazama, na kuna jambo katika mavazi au mwenendo wake ambalo haliingiliani na mengine. "Strange" lina asili ya Kilatini, "extraneus", yaani cha nje, na Kiswahili kimepita njia hiyohiyo: mgeni ni mtu, na jambo geni ni jambo lisilozoeleka. Kwa hiyo "-geni" mara nyingi hulitafsiri vizuri kuliko "-a ajabu". "Odd" lilitoka kwa Wanordi wa kale, watu wa Skandinavia, waliokuwa na neno "oddi" kwa ncha au pembe ya tatu, na kwalo wakaitaja namba isiyogawanyika kwa mbili. Sisi huiita namba witiri. Soksi moja iliyopoteza mwenzake ni "odd" kwa maana hiyohiyo: vingine vimepata wenza, yenyewe imebaki. Mtu aliye "odd" ni mtu aliyebaki baada ya wengine kupangwa wawili wawili, na neno halimwogopi wala halimchukii.

"Peculiar" lina hadhi nyingine. Lilianza kwenye mali binafsi, Kilatini "peculium", na nyuma yake iko "pecus", yaani mifugo, iliyokuwa ndiyo mali yenyewe. Kwa hiyo "peculiar to" humaanisha ya mahali fulani au ya mtu fulani pekee, bila lawama yoyote. Likisimama peke yake, hasa likielezea harufu au ladha, lina shaka ndani yake. "Eccentric" nalo linatoka katika Kigiriki, nje ya kitovu, na wanafalaki bado hulitumia kwa kipimo: mzingo wa Dunia kulizunguka Jua umepotoka kidogo tu kutoka kwenye duara kamili, karibu 0.017. Likihamishiwa kwa binadamu linabaki na upole huo, kwani anayeitwa "eccentric" anaendelea kuzunguka pamoja na wengine ila kwa kitovu chake mwenyewe, na mara nyingi ni mtu mwenye mali au cheo cha kutosha kuvumiliwa. Asiye na kitu, kwa tabia zilezile, huitwa "weird", na ubaguzi huo umo ndani ya matumizi ya lugha hata kama hakuna kamusi inayoutaja.

"Bizarre" na "outlandish" hazihitaji maneno mengi: zote ni kali, na la pili hapo mwanzo lilimaanisha cha nchi ya nje tu. "Queer" linahitaji tahadhari ya tarehe. Katika vitabu vya zamani mara nyingi ni "-a ajabu" tu, baadaye likawa tusi, na tangu mwishoni mwa karne ya 20 wengi waliotukanwa nalo wamelichukua kuwa jina lao. Mtafsiri asilitafsiri kabla ya kuangalia mwaka wa kitabu.

Kwa upande wa uzamani, swali ninalojiuliza ni moja: je, kitu bado kinafanya kazi yake? "Outdated" husema kwamba kipo kipya kilichochukua nafasi yake, na "dated" husema tu kwamba umri wake unaonekana usoni. Ramani inayoonyesha mipaka ya nchi isiyokuwepo tena ni "outdated", lakini aina ya herufi zilizotumika kuichapa ni "dated", na kasoro hizo mbili hazirekebishwi kwa njia moja. "Obsolete" hata halijali umri: diski laini ya kompyuta ("floppy disk") ambayo haijawahi kutolewa kwenye kifungashio chake ni mpya kabisa, na ni "obsolete". "Archaic" ni la kale lakini halijafa. Watunga kamusi hulitenga kwa uangalifu, wakiandika "archaic" mbele ya "thou", ambalo bado linasikika katika sala na mashairi, na "obsolete" mbele ya "eyren", neno la mayai ambalo tayari mwaka 1490 mchapishaji William Caxton alisimulia jinsi lilivyokuwa likishindana na "eggs". Nje ya kamusi, sheria inayoitwa "archaic" ni ile ambayo msemaji anaona ilipaswa kufutwa, na bado inahukumu watu.

"Antique" na "antiquated" ni ndugu wa shina moja waliogawana urithi vibaya. La kwanza huongeza bei ya kabati, na wauzaji wengi hudai kabati hilo liwe limetimiza miaka 100. La pili huufanya mfumo utafutiwe mbadala. "Old-fashioned" linakwenda pande zote mbili, kwa sababu adabu ya namna hiyo husifiwa na mbinu ya kazi ya namna hiyo hulaumiwa. Hapo Kiswahili kina akiba tunayoisahau. "-a kizamani" huelekea kwenye dharau, "-a kale" hubeba heshima, "-kongwe" humsifu aliyedumu, na "-kuukuu" hutaja uchakavu wa kitu chenyewe. Anayetafsiri "old-fashioned" kwa neno moja siku zote anaacha maneno matatu sandukuni.

Kijumba kile tulikijadili kwa simu, mimi na mtafsiri, karibu nusu saa. Alipendekeza "kijumba cha kale", nami nikaona heshima imezidi, kana kwamba ni gofu la kihistoria. Mwishowe aliandika "kijumba cha kizamani kilichopendeza kukitazama", na kwa kuwa mhusika alikuwa mgeni aliyepita njia, tukaliacha neno "kukitazama" mahali pake.