Herufi mbilimbili kwenye sarafu: pacha wa kweli au muhuri uliochakaa?

Hapa Ngamiani, Tanga, naletewa sana sarafu zenye herufi zinazoonekana mbilimbili: heller, yaani pesa ndogo za enzi ya Mjerumani, au shilingi za 1966 zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere. Mwenye nayo kashaambiwa ni adimu. Nyingi ni kazi ya muhuri uliochakaa, yaani kile chuma chenye picha kinachopiga sarafu, na inaniuma mtu anapotoa pesa nzuri kwa kitu hicho.

Pacha wa kweli, yaani picha mbili zilizomo kwenye muhuri wenyewe, huzaliwa kabla sarafu haijapigwa. Muhuri wa kazi, ule unaopiga sarafu, hukandamizwa na muhuri mama ili upate picha, na zamani haikutosha mara moja: chuma kilipashwa moto kilainike, kikandamizwe tena. Kikirudi kimepinda kidogo tu, picha mbili hubaki ndani yake, na kila sarafu itakayotoka humo itazibeba mahali palepale. Senti ya Marekani ya 1955, yenye kichwa cha Lincoln, ndiyo mfano mkubwa: tarehe na maandishi unayaona mawilimawili hata bila lenzi.

Anza na ncha za herufi. Za pacha wa kweli zimepasuka, kuna mfereji mwembamba kati ya picha mbili, na zote mbili zimeinuka na kuviringika. Herufi imenenepa.

Muhuri uliolegea mashineni ni jambo jingine. Hutikisika wakati wa kupiga na kusukuma ubavu wa herufi, ukaacha ngazi bapa, ya chini, inayong'aa. Herufi imekonda, maana ngazi hiyo imekatwa kwake.

Uchakavu ndio unaodanganya wengi. Kila pigo husukuma madini kuelekea ukingoni, na msuguano huo hula chuma cha muhuri. Kivuli huvimba kando ya herufi bila mpaka, mara nyingi pande zote mbili, hasa karibu na ukingo, na uwanja wa sarafu, yaani sehemu yake tupu, huparuza kama ganda la chungwa la Muheza. Kuona sarafu nyingine yenye kivuli hichohicho hakuthibitishi kitu, kwani muhuri uliochoka nao hurudia kosa lake; ila kivuli chake huzidi kadiri unavyotumika, wakati mpasuko wa pacha haukui.

Heller 20 za Tabora, 1916, zitazame kwa subira zaidi. Zilipigwa vitani, kwa haraka, na herufi dhaifu ni kawaida yake.

Shika taa upande mmoja, igeuze sarafu polepole. Na usiisugue kwa ukwaju kabla hujaileta: ngazi bapa ikisuguliwa huviringika, na ushahidi wote unapotea.