Sensa ya oksijeni: inapima nini, na kwa nini husingiziwa

Sensa ya oksijeni ni kifaa kidogo, kinachofanana kidogo na plagi ya injini, kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi baada ya mafuta kuungua. Mafuta yenyewe haiyapimi, na hapo ndipo wengi hupotea.

Petroli huungua sawasawa gramu 1 inapopata gramu 14.7 za hewa. Ndani ya sensa ya kawaida mna zirkonia, aina ya kauri ambayo ikipata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi hutoa umeme kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya moshi na hewa ya nje. Mafuta yakizidi, umeme hukaribia volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hadi kama 0.1. Kompyuta ya injini husoma volti hizo, ikarefusha au kufupisha muda wa nozeli (zinazonyunyiza petroli) kufunguka. Kwa hiyo sensa isiyo mbovu haitulii: injini ikiwa moto, volti hupanda na kushuka muda wote.

Injini ikiwa baridi, kompyuta haiisikilizi sensa, hutumia vipimo vya kiwandani vyenye mafuta mengi. Sensa nyingi zina hita ya kufupisha kipindi hicho. Hita ikifa (kodi P0135, namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta, ni mfano), gari hukaa humo muda mrefu na kula mafuta.

Sensa ambayo volti zake zimeganda chini huidanganya kompyuta kwamba hewa imezidi, nayo huongeza petroli: moshi mweusi, masizi kwenye plagi, mwishowe kataliza (kisafisha moshi kwenye bomba) kuungua. Ikiganda juu, mafuta hupunguzwa na gari hukosa nguvu, hasa ukikanyaga ghafla.

Lakini kodi P0171, ya hewa kuzidi, haithibitishi kwamba sensa ni mbovu. Silinda isiyowaka hutoa petroli mbichi pamoja na oksijeni yake yote. Sensa huiona oksijeni tu. Gasketi ya ekzosi inayovuja kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, matokeo yakawa yaleyale. Kubadilisha sensa hapo ni kutupa pesa.

Pima kwanza kwa multimita (kipima umeme), injini ikiwa moto. Kanyaga mafuta ghafla, volti ziruke juu, achia, zianguke. Zikijikokota, sensa imechoka. Kipimo hiki ni cha sensa iliyo mbele ya kataliza yenye zirkonia ya kawaida. Ile ya uwiano wa hewa na mafuta, iliyo kwenye magari mengi mapya, husomwa kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Sensa iliyo nyuma ya kataliza hutakiwa kutulia. Ikirukaruka kama ya mbele, shuku kataliza.

Sensa huuawa mapema na silikoni ya kuzibia gasketi, oili inayoungua au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na mpya itakufa vilevile usipoziba chanzo. Kuifungua hutumika mara nyingi spana ya 22, bomba likiwa na uvuguvugu. Grisi inayopakwa kwenye nyuzi za skrubu ya sensa isiguse ncha yake.