Kwa Nini Macross Ilikwama Japani: Dhana Potofu na Ukweli

Macross, mfululizo wa katuni za Kijapani, ilianza kurushwa na televisheni za Japani mwezi Oktoba 1982, na mashabiki wake wa nchi za nje wamesubiri kwa miongo kadhaa kuona kazi zilizofuata zikiuzwa kwao kihalali. Katika kusubiri huko yamesambaa maelezo mengi ambayo yanatafuta mtu mmoja wa kulaumiwa, ilhali chanzo cha mgogoro ni jinsi haki za kazi hii zilivyogawanywa tangu mwanzo.

Dhana: Kampuni ya Marekani, Harmony Gold, iliiba Macross.

Harmony Gold haikuiba, bali ilinunua leseni. Hadithi na michoro ilibuniwa na Studio Nue, na wakala wa matangazo aitwaye Big West akawa mfadhili. Kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa, studio ya Tatsunoko iliingizwa kuchangia utengenezaji, nayo ikapata haki ya kuuza mfululizo huo nje ya Japani. Tatsunoko ndiyo iliyoiuzia Harmony Gold leseni mwaka 1984. Vituo vya Marekani vilivyorusha katuni kila siku ya kazi vilihitaji angalau vipindi 65, na Macross ilikuwa na 36 tu. Kwa hiyo mtayarishaji Carl Macek aliiunganisha na mifululizo mingine miwili isiyohusiana nayo, na mwaka 1985 ikatoka Robotech yenye vipindi 85. Naamini hadithi ya awali haikutendewa haki kwa kuunganishwa hivyo, lakini hilo ni suala la sanaa, na leseni yenyewe ilikuwa halali.

Dhana: Mahakama ya Tokyo iliipa Big West kila kitu, na wengine walikaidi.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, kwa sababu wanaikumbuka hukumu moja na kuisahau ya pili. Mwezi Februari 2002 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua kwamba michoro 41 ya wahusika na mitambo ni mali ya Big West na Studio Nue. Mwezi Januari 2003 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hakimiliki ya picha zenyewe, yaani vile vipindi 36 vya mwanzo, ni ya Tatsunoko. Matokeo yake ni kwamba Tatsunoko ilikuwa na haki ya kuonyesha vipindi vya zamani bila kumiliki sura za wahusika waliomo, na Big West na Studio Nue zilimiliki sura hizo bila kuwa na vipindi.

Uzito wa haki ya mchoro ulikuwa umeonekana hata kabla ya kesi hizo. Ndege ya kuchezea ya Macross, VF-1, inayogeuka kuwa roboti na iliyotengenezwa kwanza na Takatoku, iliuzwa Marekani na Hasbro mwaka 1985 kwa jina la Jetfire, ikiwa miongoni mwa roboti za Transformers. Katika katuni ya Transformers, ili kuepuka mzozo wa haki, mhusika huyo alichorwa upya na kuitwa Skyfire, hivyo mtoto mwenye Jetfire mkononi alimwona kwenye televisheni roboti wa umbo jingine na jina jingine.

Juu ya michoro na picha kulikuwa na haki ya tatu, nayo ni jina. Harmony Gold ilisajili alama ya biashara ya Macross nchini Marekani, na kwa sababu hiyo hata mifululizo ambayo Tatsunoko haikuhusika nayo, kama Macross 7 ya mwaka 1994 na Macross Frontier ya mwaka 2008, isingeweza kuingia katika soko hilo kwa jina lake bila kugusa haki ya mwingine. Hukumu za Tokyo hazikuwa na nguvu ya kufuta usajili uliofanywa Marekani.

Dhana: Hakuna Macross yoyote iliyouzwa nje ya Japani kabla ya makubaliano ya 2021.

Macross II na Macross Plus ziliuzwa Marekani katika miaka ya 1990. Mfululizo wa kwanza nao ulitolewa huko kwa DVD, na toleo la Kiingereza la kampuni ya ADV la mwaka 2006 lilimrudisha Mari Iijima, aliyekuwa sauti ya Lynn Minmay, mhusika wa Macross, tangu 1982, kumwigiza mhusika yuleyule.

Dhana: Makubaliano ya 2021 yalifungua milango yote siku hiyohiyo.

Mwezi Aprili 2021 Big West na Harmony Gold zilitangaza kwamba zimeafikiana. Sehemu kubwa ya filamu na mifululizo ya Macross iliruhusiwa kusambazwa duniani, Harmony Gold ikabaki na haki ya kuitumia ile michoro 41 katika Robotech nje ya Japani, na Big West ikakubali kutopinga filamu ya Robotech ya waigizaji halisi kuonyeshwa Japani. Makubaliano hayo yaliondoa kizuizi, lakini hayakuwa mkataba wa kuuza kazi yoyote. Kila mfululizo bado ulihitaji msambazaji na tafsiri, na katika kazi ambazo kuimba ni sehemu ya hadithi, haki za nyimbo zinapaswa kushughulikiwa pamoja na haki za picha. Ndiyo maana ilichukua hadi mwaka 2024 kwa mifululizo hiyo kuanza kupatikana nje ya Japani kupitia huduma ya kutazama mtandaoni ya Disney+.